Ubwiri wa Kinywani

Mkulima wa Masasi au wa Newala hahitaji kufundishwa maana ya kuwahi. Mikorosho inapochipua na kutoa maua katika miezi ya baridi, huamka mapema kwenda shambani kuyatazama machipukizi. Akiuona ule unga mweupe tuuitao ubwiri, hangoji maua yakauke na kupukutika. Hutafuta salfa, hutafuta mashine ya kupulizia, na asipokuwa na fedha hukopa, kwani ajua ya kuwa unga ule ukiachwa kwa majuma machache, mavuno ya mwaka mzima yamepotea. Watafiti wa Naliendele wamefanya kazi ya miaka mingi kulieneza somo hilo, na mkulima amelishika.

Walakini mkulima huyohuyo akiona baka jeupe ndani ya shavu lake mwenyewe, au pembeni mwa ulimi, hunyamaza. Baka lenyewe haliumi, wala halimzuii kula. Huendelea kuweka ugoro palepale alipozoea kuuweka. Miaka inapita, baka linakuwa kidonda, kidonda kinakuwa uvimbe, na uvimbe unamzuia kumeza hata mate. Ndipo ukoo unapokutana, mbuzi wanauzwa, nauli inapatikana, na mgonjwa anapakiwa basini kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Wagonjwa wengi wa saratani katika nchi yetu hufika hospitalini wakati ugonjwa umekwisha kuenea, na huyu naye huwa mmoja wao.

Sisi twasema ya kwamba watu waliojifunza kuuwahi ubwiri wa mkorosho wana uwezo wa kuuwahi ubwiri wa kinywa. Twasema hivyo leo kwa sababu zimeanza kusikika habari za tiba mpya ya mabaka hayo, tiba itumiayo mwanga pamoja na dawa za mimea zilizosagwa mpaka kuwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Wako waliozipokea habari hizo kwa shangwe, kana kwamba saratani imekwisha. Wako pia waliozicheka, wakisema ya kuwa hayo ni mambo ya Ulaya, hayatuhusu. Twaona kwamba wote wawili wamekosea, na kosa la kila mmoja laweza kumgharimu mwananchi maisha yake.

Kwanza yatupasa kuueleza ugonjwa wenyewe. Baka jeupe la kinywani lisilofutika kwa kitambaa, na lisilo na sababu nyingine inayojulikana, waganga huliita leukoplakia. Jekundu huitwa eritroplakia, nalo ni la hatari zaidi. Mara nyingi linapochunguzwa huonekana kwamba mbegu ya saratani imekwisha kuota ndani yake. Si kila weupe ni dalili mbaya. Utando mweupe unaofutika mara nyingi ni wa ukungu, nao una dawa yake. Wala si kila leukoplakia hugeuka saratani. Ni sehemu ndogo tu yao. Lakini hakuna mtu, hata daktari, awezaye kujua kwa kutazama tu ni lipi litakalogeuka na lipi litakalotulia. Hujulikana kwa kukatwa kinyama kidogo na kukitazama kwa darubini.

Sababu zake kubwa zajulikana: tumbaku ya kuvuta, tumbaku ya kutafuna, ugoro, pombe, na kwa watu wa pwani wanaokula tambuu, popoo pia. Anayechanganya tumbaku na pombe hujiongezea hatari maradufu na zaidi. Kwa hesabu za mwaka 2022, duniani kote watu wapatao 389,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 188,000 walikufa kwayo. Ni ugonjwa ambao huanza mahali panapoweza kuonekana kwa kufungua mdomo tu mbele ya taa. Saratani ya ini hujificha, ya kongosho hujificha, hii haijifichi. Kwa hiyo kila anayekufa kwayo ni lawama kwetu sote.

Sasa tuitazame tiba ya nuru. Asili yake si ngeni kwa Afrika. Watu wa bonde la Nili walijua tangu zamani sana ya kuwa mmea fulani ukitumiwa na mgonjwa mwenye mabarasi, kisha akakaa juani, ngozi yake huweza kurudisha rangi. Katika miaka ya 1940 daktari wa Kimisri, Abdel Monem El Mofty, aliuchunguza mmea huo kwa njia za kisayansi, na kutokana na kazi hiyo dawa ikapatikana. Kabla yake, mwishoni mwa karne ya 19, mwanafunzi Oscar Raab katika mji wa Munich, Ujerumani, chini ya mwalimu wake Hermann von Tappeiner, aliona jambo la ajabu: vijidudu vya majini vilivyowekewa rangi fulani viliishi vizuri gizani, lakini vikafa upesi vilipopigwa na mwanga. Rangi peke yake haikuviua. Mwanga peke yake haukuviua. Viwili hivyo vilipokutana, viliua.

Yote yaliyofuata yamejengwa juu ya jambo hilo. Msomaji aliyezoea jiko la nyumbani atalielewa mara moja. Chungu hakikai juu ya figa moja, wala mawili. Tiba ya nuru nayo ina mafiga matatu: dawa inayopokea mwanga, mwanga wenyewe wa rangi inayoipasa dawa hiyo, na hewa ya oksijeni iliyomo mwilini. Dawa hupakwa juu ya baka, au hunywewa, au hudungwa. Huachwa kwa muda ili iingie katika chembe za mwili zilizoharibika. Kisha taa huwashwa juu ya mahali hapo. Dawa huupokea mwanga, huitia oksijeni ukali, na oksijeni hiyo kali huziua chembe zilizo karibu nayo kabisa. Taa ikizimwa, kazi imekoma. Nyama iliyo mbali na taa haiguswi. Kisu cha mpasuaji hukata na kuacha kovu, na mionzi hukausha mate. Mwanga huu, ukitumiwa vizuri, huacha ulimi ukiwa ulimi na shavu likiwa shavu. Mtu aweza kutibiwa mahali palepale zaidi ya mara moja.

Ubaya wake nao usifichwe. Mgonjwa huweza kusikia maumivu wakati taa inapowaka, na mahali pale huvimba kwa siku kadhaa. Baadhi ya dawa za zamani humfanya mtu aogope jua kwa majuma, jambo ambalo kwa mkulima ni sawa na kumfunga ndani wakati wa palizi. Mwanga mwekundu hupenya milimita chache tu, na ule wa buluu hupenya pungufu ya hapo. Kwa hiyo tiba hii yafaa kwa ugonjwa mchanga ulio juu juu. Yule aliyengoja mpaka uvimbe ukafika mfupani, taa haitamsaidia.

Hapo ndipo mimea inapoingia. Manjano tuyatiayo kwenye mchuzi yana rangi iitwayo kurkumini, ambayo hupokea mwanga wa buluu na kufanya kazi tuliyoieleza. Iko mimea ya maua ya njano yenye haiperisini. Na ule ukijani wa majani, umbijani, uliomo katika kisamvu na katika kila jani la uwanda wetu, ukibadilishwa katika maabara hutoa dawa zinazopokea mwanga mwekundu. Dawa za jamii hiyo zimekwisha kuruhusiwa kutumika katika baadhi ya nchi, kama vile Japani tangu mwaka 2003 kwa saratani changa ya mapafu. Si uongo, basi, kusema ya kuwa katika mimea imo hazina.

Lakini hazina hiyo ina mlango mgumu. Kurkumini haiyeyuki katika maji, na mwangani huharibika upesi. Ukiipaka juu ya baka kinywani, mate huiosha kabla haijaingia. Ndiyo sababu wataalamu wanajaribu kuifunga ndani ya vifuko vidogo mno, vinavyopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja katika sehemu milioni za milimita. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Vifuko hivyo hutengenezwa kwa mafuta, kwa gundi za miti, au hutolewa katika mimea yenyewe, kama tangawizi, ambayo ina vifuko vya namna hiyo kwa maumbile yake. Kazi ya kifuko ni kuibeba dawa, kuinatisha kinywani, na kuiingiza ndani ya chembe mbaya ili mwanga uikute huko. Majaribio mengi ya namna hii yamefanyika katika vyombo vya maabara na kwa wanyama. Kwa binadamu, ni machache.

Ndugu msomaji na alishike neno hilo la mwisho, kwani ndilo wanalolisahau wenye shangwe. Mwaka 2016 wataalamu wa jumuiya ya Cochrane walizipitia tiba za leukoplakia zilizokuwa zimejaribiwa kwa njia ya haki, nao hawakupata hata moja iliyothibitishwa kuzuia baka lisigeuke saratani. Baka laweza kuondoka leo na kurudi baada ya mwaka. Kwa hiyo hata aliyetibiwa hana budi kurudi na kutazamwa tena na tena, na kuacha tumbaku. Yeyote asemaye leo ya kuwa ana dawa ya nano ya mmea inayoponya saratani ya kinywa, anasema jambo ambalo elimu haijalisema.

Na wale wanaocheka, nao wasikie habari za India. Katika mji wa Aligarh, ambako wengi hutafuna tumbaku na popoo, madaktari wa hospitali ya chuo kikuu walishirikiana na wataalamu wa Massachusetts, Marekani, kujaribu taa ndogo ya bei nafuu itumiayo betri, kwa sababu huko nako umeme hukatika. Walitumia simu ya mkononi kupiga picha za kuonyesha dawa imefika wapi. Dawa waliyoitumia haikutoka kwenye mmea, na wagonjwa hawakuzidi 30. Lakini walikuwa wagonjwa wa kweli wenye saratani changa ya kinywa, na kwa takriban robo tatu yao uvimbe ulitoweka. Hesabu hiyo ni ndogo, haitoshi kujengea sera. Yatosha kuonyesha jambo moja tu, nalo ni kubwa: tiba ya nuru si lazima ikae katika majumba ya kifalme. Yaweza kukaa katika chumba cha kituo cha afya penye betri moja na mtu aliyefundishwa.

Wako wenzetu watakaotuuliza, na swali lao ni la haki: zahanati nyingine haina glovu wala taa nzuri, nanyi mwatuhubiria nanomita? Twawajibu kwa historia ya hapahapa. Daktari Leader Stirling alipofika wilaya ya Masasi mwaka 1935, hakungoja jumba la mawe. Pale Lulindi alitibu na kupasua katika hospitali ya udongo na nyasi, na akawafundisha vijana wa Kiafrika uuguzi. Baadaye, mwaka 1975, akawa Waziri wa Afya wa nchi yetu huru. Alijua ya kuwa elimu ya juu na paa la nyasi vyaweza kukaa pamoja, mradi yupo mwenye kujua anachokifanya. Glovu hazina budi zipatikane, hilo hatulijadili. Lakini mtu akisema ya kuwa maskini apate kwanza glovu ndipo afikiriwe katika utafiti, amemhukumu maskini kupokea siku zote kilichobuniwa kwa ajili ya mwingine.

Kwa upande mwingine historia ya kusini yatuonya dhidi ya pupa. Kule Nachingwea, jirani na Masasi, serikali ya kikoloni ilileta mradi wa karanga mwaka 1947. Walikuja na mitambo mikubwa, wakafyeka misitu, wakajenga reli. Hawakuupima udongo wala mvua ipasavyo, wala hawakumwuliza mwenyeji. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamezikwa ardhini. Hatutaki karanga nyingine. Hatutaki mashine za mwanga ziletwe Mtwara kwa ngoma na hotuba, kisha zifunikwe shuka kwa kukosa dawa, fundi na wagonjwa waliogunduliwa mapema.

Pupa ya namna ya pili ni ya hatari zaidi, kwa maana huja kwa jina la mitishamba. Mara habari za manjano na mwanga zitakapofika masokoni, tuna hakika watatokea watu wa kuuza unga na kuwaambia wagonjwa wapake kinywani kisha wakae juani na midomo wazi. Twasema mapema: huo ni udanganyifu. Jua lina rangi zote pamoja, nguvu yake haipimwi, na unga wa sokoni haupenyi. Atakayeufuata ushauri huo atapoteza ile miezi ambayo ndiyo ingemwokoa. Tusisahau mwaka 2011, watu kwa makumi ya maelfu walipofunga safari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mti, na miongoni mwao wapo walioacha dawa za hospitali. Hatuwacheki watu hao. Mgonjwa asiyetibiwa karibu na kwake atakwenda popote panapotajwa uzima.

Tena watu wa Mtwara wana fundisho lao wenyewe kuhusu mimea. Katika mwaka 2002 na 2003 mkoa huu ulipatwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Sababu yake ilikuwa muhogo mchungu, chakula chetu cha kila siku, uliotayarishwa kwa haraka wakati wa ukame bila kuondolewa sumu vya kutosha, kwa watu waliokosa kitoweo. Muhogo ulikuwa uleule. Tofauti kati ya chakula na kilema ilikuwa siku chache za kuuloweka na kuukausha. Basi mwenye kusema ya kuwa kitu cha mmea hakiwezi kudhuru, na aende akawaone wale waliobaki na magongo. Mmea huwa dawa baada ya kupimwa, kusafishwa na kujaribiwa. Pakanga ya China ilihitaji miaka ya kazi ya Tu Youyou na wenzake kabla ya kuwa dawa ya malaria ambayo leo iko katika kila zahanati yetu, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ua la waridi lenye asili ya kisiwa cha Bukini, lipandwalo mbele ya nyumba nyingi za pwani, lilipitia maabara kabla ya kuwa dawa ya saratani ya damu. Wagunduzi hao walianza na jani, lakini hawakuishia kwenye jani.

Hapo latokea swali la mali. Nani atakuwa mwenye dawa hizo zitakapokamilika? Mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipewa hataza juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda, jambo ambalo kila bibi wa Kihindi alilijua. India ilipinga kwa ushahidi wa vitabu vyake vya kale, na mwaka 1997 hataza hiyo ikafutwa. India ilishinda kwa sababu ilikuwa na wataalamu, maandishi na ujasiri. Sisi tuna nini? Mkulima wa Newala ajua vema maana ya kuuza kitu kibichi. Kwa miaka mingi korosho zetu nyingi zimepakiwa melini zikiwa na maganda yake, zikabanguliwa India na Vietnam, na faida ya kubangua ikabaki huko. Tukifanya hivyohivyo kwa mimea ya dawa, tutaiuza kwa gunia na kuinunua kwa chupa.

Na jambo hili halipo mbali nasi. Gundi itokayo katika shina la mkorosho, ambayo watoto wetu huichezea, imechunguzwa na wataalamu wa Brazili kama kitu cha kutengenezea vile vifuko vya nanomita vya kubebea dawa. Mafuta ya maganda ya korosho yamechunguzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa tangu mwaka 1974, na leo ni taasisi kamili ya chuo kikuu. Kule Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alitumia elimu hii ya nano kutengeneza chujio la maji, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Watu tunao, na malighafi imo mashambani mwetu. Kinachokosekana ni kuwaunganisha watu hao na yule mkulima mwenye baka shavuni.

Kwa hiyo sisi twapendekeza mambo manne, nayo yafuatane kwa utaratibu huu.

La kwanza, vinywa vitazamwe. Kila mtu mzima aendaye zahanati kwa sababu yoyote, aketishwe mbele ya taa, afungue mdomo, atazamwe mashavu, ulimi pande zote mbili, chini ya ulimi na fizi. Ni kazi ya dakika chache. Mwuguzi wa kijijini aweza kufundishwa. Asiyefutika wala kupona baka lake kwa majuma mawili au matatu apelekwe Mkomaindo, Ndanda, au hospitali ya wilaya ya Newala. Bila hatua hii hakuna taa itakayokuwa na mgonjwa wa kumtibu kwa wakati.

La pili, kinyama kilichokatwa kisomwe karibu. Wataalamu wa kusoma kinyama kwa darubini ni wachache, nao wengi wamo katika miji mikubwa. Hospitali ya kanda ya kusini iliyoko Mtwara yafaa iwe na uwezo kamili wa kazi hiyo, ili jibu lisichukue miezi na mgonjwa asikate tamaa akarudi shambani.

La tatu, utafiti wa tiba ya nuru ufanyike hapa nchini, kwa uangalizi wa Ocean Road na Muhimbili, kwa ruhusa zote za kisheria, na kwa wagonjwa wanaoelezwa kwa lugha wanayoielewa kwamba wanashiriki jaribio. Uanze kwa wachache. Matokeo yatangazwe, yawe mazuri au mabaya. Na mapatano juu ya faida yaandikwe kabla ya kazi kuanza, kwa kufuata misingi iliyokubaliwa na mataifa huko Nagoya mwaka 2010, ili nchi iliyotoa mmea isiachwe mikono mitupu.

La nne ni gumu kulisema, lakini tutalisema. Tumbaku ni zao la biashara katika mikoa yetu kadhaa, nayo huiletea Serikali fedha za kigeni. Tunayo sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, lakini ugoro huuzwa sokoni kwa vipimo vya vijiko, bila onyo wala hesabu. Hatuwezi kuuza ugonjwa asubuhi na kutafuta nanomita jioni. Wazee wetu waliozoea ugoro wasidharauliwe wala kutukanwa. Waambiwe kwa heshima, nao vijana wazuiwe wasianze.

Na neno letu la mwisho ni kwa chama chetu wenyewe. Wakati wa kampeni ni rahisi kiongozi kupanda jukwaani na kuahidi kwamba dawa ya saratani yaja Newala. Twawaomba viongozi wasiahidi hivyo. Dawa hiyo bado haijakamilika, na mgonjwa aliyeahidiwa huacha kutafuta msaada uliopo. Waahidi lililo katika uwezo wao: taa katika kila zahanati, mwuguzi aliyefundishwa kutazama kinywa, na gari la kumfikisha mgonjwa hospitalini. Ahadi hizo hazina mvuto, lakini zaweza kukaguliwa.

Watu wa uwanda wa Makonde wajua ya kuwa maji hayapandi mlima kwa kutamaniwa. Mama zetu waliteremka mabondeni na kupanda na mitungi kichwani, mpaka mabomba na mitambo ya Mradi wa Maji Makonde ilipoanza kuyapandisha, na hata leo mtambo ukisimama Newala yote hujua. Elimu ya tiba nayo ni vivyo hivyo. Iko chini, katika maabara za Dar es Salaam, Arusha, Aligarh na Massachusetts, na haitapanda ukingo wa uwanda kwa nguvu zake. Itapandishwa na watu, kwa fedha, kwa kazi na kwa uangalifu. Nao watakaoipokea huko juu hawana budi wawe wamekwisha kufungua midomo yao mbele ya taa, kama wanavyoyafunua majani ya mkorosho wakati wa baridi kuutafuta ule unga mweupe kabla haujashuka kwenye maua.